Boyd Orr: Tabibu Aliyebisha Hodi kwa Wakubwa

Miongoni mwa sura fupi tulizozihifadhi chuoni tungali watoto imo Suratul Maun. Kila mmoja wetu huisoma katika sala zake, na huenda kwa wepesi wake ulimini tukaipita bila ya kutua. Wanavyuoni wanaoifasiri hutuzindua jambo moja: kwamba lawama iliyomo mle haikumwangukia mchoyo peke yake, bali imemwangukia pia yule asiyehimiza maskini alishwe. Basi kunyima ni kosa, na kunyamaza nako ni kosa. Mtu aweza kuwa hana hata kibaba cha mtama cha kutoa sadaka, lakini ulimi anao, na kwa ulimi huo ataulizwa.

Leo nataka niwasimulieni habari za mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini alitumia umri wake katika kuhimiza huko. Jina lake ni John Boyd Orr, Mskoti, tabibu na bingwa wa elimu ya lishe. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lile linaloitwa FAO, na mwaka 1949 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Amefariki tangu 1971, na vijana wetu wengi hawamjui hata kwa jina.

Namwandika nikiwa Kipungani, kijiji cha wavuvi na wasukaji wa mikeka kilichoko upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Amu. Msomaji atauliza, Kipungani na Uskoti wapi na wapi? Uhusiano upo, nao ni wa sahani ya mtoto. Tutaufikia, inshallah.

Mwalimu wa siku nne

Boyd Orr alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi ya Uskoti, akiwa mmoja wa watoto saba. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, mtu mcha Mungu, ambaye mambo yake mara yalinyooka na mara yakapinda. Nyumba yao haikuwa ya utajiri wala ya ufukara. Ilikuwa ni nyumba ya kusoma vitabu vya dini na kufanya kazi.

Kijana akaenda Glasgow kusomea ualimu. Zama zile mji huo ulikuwa ukiunda merikebu na mashine za kupelekwa pande zote za dunia, na matajiri wake walikuwa matajiri kweli kweli. Skuli ya kwanza aliyopelekwa kufundisha ilikuwa katika mitaa ya mafukara. Alikuta watoto wamesongamana darasani, wamevaa matambara, wengine miguu mitupu, chawa wanaonekana kwa macho, na miili imedhoofu kwa kukosa chakula. Akarudi nyumbani moyo umemchafuka. Baada ya siku nne alijiuzulu, kwani aliona wazi kwamba yeye mwalimu hakuwa na lolote la kuwaondolea watoto wale dhiki yao.

Alifundisha kwingine kwa miaka kadhaa, kisha akarejea Chuo Kikuu cha Glasgow akiwa mtu mzima, akasoma elimu ya viumbe na udaktari. Alihitimu udaktari mwaka 1912, umri wake ukikaribia miaka 32. Alifanya kazi kidogo kama daktari wa merikebu, lakini kutibu mgonjwa mmoja mmoja hakukumtosheleza. Alitaka kujua maradhi yanatoka wapi kabla hayajamfikia tabibu, na akaona kwamba mengi katika hayo hutoka jikoni, au tuseme hutoka katika jiko lisilokuwa na kitu.

Mwaka 1914 alikwenda Aberdeen kuongoza taasisi ya kuchunguza lishe ya wanyama. Alipofika hakuikuta taasisi. Alikuta mpango wa kujenga kibanda cha mbao kwa paundi 5,000. Yeye akazitumia fedha hizo kujenga kwa mawe magumu ya itale, akikusudia jengo hilo liwe ni ubawa mmoja wa jumba kubwa litakalokuja baadaye. Tabia yake yote imo katika kisa hicho. Alikuwa mtu wa kuanza na kidogo kilichopo, lakini msingi aliuweka wa kitu kikubwa.

Vita vya kwanza vya dunia vikamkatiza. Alikwenda Ufaransa akiwa daktari wa jeshi, akapata nishani mbili za ushujaa. Lakini mimi lanipendeza zaidi jambo dogo. Kikosi chake kilipokuwa kikipita mashamba na bustani zilizohamwa, alikuwa akikusanya mboga na kuzitia katika chakula cha askari wake. Akawahimiza pia wavae viatu vya kipimo kimoja zaidi ili miguu isioze kwa maji ya mahandaki. Wakati vikosi vingine vikipeleka wagonjwa hospitali, askari wake walikuwa wamesimama kwa miguu yao.

Maziwa na biskuti

Baada ya vita alirudi Aberdeen. Tajiri mmoja, John Quiller Rowett, alitoa fedha za kuiendeleza taasisi, nayo ikapewa jina lake na kufunguliwa rasmi mwaka 1922. Rowett alitia sharti moja zuri: ikiwa utafiti wa lishe ya wanyama utagundua jambo linalowahusu wanadamu, basi watafiti waruhusiwe kulifuata.

Sharti hilo ndilo lililomfungulia Boyd Orr mlango. Kwani aliona ajabu moja ambayo hata leo ni ajabu. Mfugaji mwema anajua barabara ng'ombe wake ale nini ili atoe maziwa, na nguruwe wake ale nini ili anenepe, na serikali inalipa wataalamu wamfundishe. Lakini mtoto wa binadamu, hakuna aliyepima sahani yake.

Akaamua kupima. Kuanzia miaka ya 1926 na 1927 yalifanywa majaribio katika skuli za miji ya Uskoti. Watoto waligawanywa mafungu: wako waliopewa maziwa kila siku, wako waliopewa maziwa yaliyotolewa mafuta, wako waliopewa biskuti zenye nguvu sawa na maziwa hayo, na wako waliobaki na chakula cha kwao tu. Biskuti ziliwekwa kwa hekima, ili asije mtu akasema kwamba mtoto amekua kwa kuwa ameongezewa chakula chochote tu. Matokeo yalikuwa bayana. Watoto wa maziwa, ya mafuta na yasiyo ya mafuta, walikua kwa kimo na uzito kwa kadiri ya asilimia 20 zaidi ya wenzao.

Mtaalamu mwingine angaliandika makala katika jarida la madaktari, akapigiwa makofi na wenziwe, yakaishia hapo. Boyd Orr aliandika makala, kisha akaichukua akaenda nayo kwa wakubwa. Mwaka 1930 ilitoka sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa za Uskoti kuwapa watoto maziwa skulini. Mwaka 1934 mpango wa maziwa ya bei nafuu ukaenea Uingereza nzima, na mwaka 1946 watoto wote wa skuli wakapewa bure. Ilimchukua karibu miaka 20 kutoka kipimo cha kwanza hadi gilasi ya bure. Haba na haba hujaza kibaba.

Alipokuja Kenya

Na sisi Kenya tumo katika kisa chake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Boyd Orr alifika nchini, wakati huo koloni la Mwingereza. Shughuli iliyomleta ilianzia kwenye malisho ya mifugo, kuchunguza madini yanayokosekana katika majani. Lakini sharti la Rowett lilikuwa moyoni mwake, na kutoka kwa ng'ombe akaingia kwa watu. Pamoja na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya Kenya, alilinganisha afya ya Wamasai na Wakikuyu, na ripoti yao ikachapishwa London mwaka 1931.

Waliona kwamba mwanamume mzima wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwanamume wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Mkikuyu, ambaye chakula chake kilikuwa zaidi nafaka, viazi na ndizi, alisumbuliwa na upungufu wa damu, meno mabovu, mifupa iliyopinda, vidonda na maradhi ya kifua. Waliona pia kwamba wanawake wa Kikuyu walikuwa na hali bora kuliko wanaume wao, kwa sababu wao walikula majani ya mboga ambayo wanaume hawakuyala sana.

Sitaki kumfanya malaika. Ripoti ile ina kasoro, na wanahistoria waliokuja nyuma wameieleza. Ilitazama chungu, ikasahau shamba. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi zao nzuri na walowezi, wametozwa kodi ya kibanda, wanaume wao wamepelekwa kufanya kazi za ujira mbali na majumba yao. Ukimwona mtu amekonda baada ya hayo, si haki kuulaumu muhogo na mahindi peke yake. Isitoshe, pwani yetu haikuingia katika hesabu zile. Laiti wangalikuja wakapima sahani ya mvuvi, wangaliona habari nyingine.

Hata hivyo ripoti ile ilitoboa shimo katika ukuta wa utawala. Kabla yake ilikuwa rahisi kusema kwamba Mwafrika ni mvivu kwa tabia. Baada yake ilibidi mtu aulize kwanza, mtu huyu amekula nini? Mwaka 1939 serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa ripoti juu ya lishe katika makoloni, ikikiri kwamba upungufu wa chakula bora umeenea kote. Vita vikaja, ripoti ikawekwa kabatini.

Kitabu kilichowakera wakubwa

Alipotoka katika makoloni, aliigeuzia nchi yake mwenyewe mizani ile ile. Alikusanya hesabu za matumizi ya chakula za jamaa 1,152, akawapanga watu wa Uingereza katika tabaka sita kwa kipato. Mwaka 1936 akatoa kitabu. Kilionyesha kwamba nusu ya watu wote wa Uingereza hawakuwa na kipato cha kuwawezesha kula chakula kinachotimiza afya. Katika tabaka la chini kabisa, lenye watu milioni nne na nusu, chakula kilikuwa pungufu karibu kwa kila kitu ambacho mwili unahitaji.

Zingatieni, hii ilikuwa ndiyo nchi iliyotawala robo ya dunia. Wakubwa walikereka. Boyd Orr mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Waziri wa Afya alimwita, akamtaka aeleze zinatoka wapi kelele hizi za umaskini, ilhali umaskini haupo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wako waliomsaidia hesabu, nao walikuwa watumishi wa serikali, wakahofia kazi zao. Basi akakitoa kitabu kwa jina lake pekee, lawama zikawa zake.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Walikuwako waliosema kwamba maskini wana chakula kibaya kwa kuwa wanawake wao hawajui kupika. Yeye akaonyesha kwa hesabu kwamba kadiri mshahara unavyopanda, ndivyo maziwa, mayai, matunda, mboga na nyama zinavyoongezeka mezani. Mama alijua vyema la kumpa mtoto wake, ila mkono wake ulikuwa haufiki. Mafunzo ya upishi hayatoshi pale ambapo hakuna cha kupika.

Vita vya pili vilipokuja, wale wale waliomkasirikia wakamhitaji. Uingereza ni kisiwa, na manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha merikebu za chakula. Boyd Orr akawa mmoja wa wajumbe wa kamati ya wataalamu iliyoishauri serikali. Kuanzia Januari 1940 chakula kiligawanywa kwa kadi, tajiri na maskini. Mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa maziwa kwa wajawazito na watoto wachanga, kwa bei ndogo au bure. Chakula kilikuwa haba kuliko kabla ya vita, lakini kwa kuwa kiligawanywa kwa uadilifu na kwa elimu, afya ya watoto wa maskini ilipanda, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Katika vita hivyo hivyo Boyd Orr alifiwa na mwanawe wa pekee wa kiume. Hakuacha kazi.

Ghala la Nabii Yusuf

Mwezi wa Oktoba 1945 mataifa yalikutana Quebec, Kanada, kuunda FAO. Boyd Orr alikwenda kama mshauri tu, hata hakuwa mjumbe kamili wa serikali yake. Akapanda kuzungumza, na mkutano ukamchagua awe mkuu wa shirika. Alikuwa na umri wa miaka 65, umri ambao wengine hutafuta kiti cha barazani.

Hapa ndipo lilipokuja jambo kubwa kuliko yote aliyoyataka. Mwaka 1946, huko Copenhagen, aliwasilisha pendekezo la kuundwa Halmashauri ya Chakula ya Dunia. Halmashauri hiyo ingenunua nafaka katika miaka ya neema, ikaweka akiba, ikaitoa katika miaka ya njaa; ingezuia bei isianguke ikamfilisi mkulima wala isipande ikamwua mlaji; na nchi maskini ingepata chakula na mkopo wa kuendeleza kilimo chake.

Sisi tuliosoma Suratu Yusuf hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ndiyo ile miaka saba ya neema na miaka saba ya ukame, na ndizo zile ghala za Misri. Na tukumbuke kwamba Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, hakungoja afuatwe. Alipoona kwamba anayo ilmu ya jambo lile na uaminifu wa kulihifadhi, aliomba mwenyewe kwa mfalme awekwe juu ya hazina za nchi. Mwenye ujuzi wa chakula aliingia katika utawala kwa sababu chakula hugawanywa na utawala.

Lakini mfalme wa Misri alikubali, na wafalme wa 1946 hawakukubali. Marekani na Uingereza ziliona halmashauri ile itazifunga mikono katika biashara. Ilipofika mwanzo wa 1947 pendekezo lilikuwa limekwisha zikwa kwa maneno mazuri. Shirika lilibaki na kazi ya kutoa takwimu na nasaha, na Boyd Orr hakuridhika kuwapa watu wenye njaa takwimu. Mwaka 1948 aliondoka. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Nobel, na fedha zake akazitoa kwa vyama vilivyokuwa vikipigania amani. Alifariki kijijini Edzell, Uskoti, tarehe 25 Juni 1971, akiwa na miaka 90. Siku ya Chakula Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 16 Oktoba, ni siku lilipozaliwa shirika lake kule Quebec.

Je, alishindwa? Katika jambo kubwa alishindwa. Ghala la dunia halikujengwa kama alivyolitaka, ingawa Mpango wa Chakula Duniani ulioanzishwa mwaka 1961 unafanya sehemu ya kazi ile wakati wa maafa. Katika mambo madogo alishinda, na madogo hayo yalikuwa ni mamilioni ya gilasi za maziwa.

Sahani ya Kipungani

Sasa narudi nilipo. Kipungani si mahali pa njaa ya kufa. Bahari ipo mbele, mikoko imetuzunguka, minazi na miembe ipo nyuma. Mgeni akija ataona neema. Lakini tufanye kama Boyd Orr, tuiache mandhari tutazame sahani.

Samaki mwema, kamba na kaa hupimwa kwa kilo pwani, huenda zao kwa mnunuzi. Fedha inayorudi hununua unga mweupe, sukari na mafuta. Mtoto aliyeachishwa ziwa asubuhi hupata uji mweupe, au andazi na chai ya rangi. Jioni hupata sima, na kitoweo kimekuwa ni cha kuonja. Chakula cha wazee wetu, mkate wa mofa wa mtama, mbaazi za nazi, kunde, mchicha na dagaa, kimekuwa cha siku moja moja, na wengine hukionea haya mbele ya mgeni. Mtoto ameshiba, ndiyo, lakini hakulishwa. Na mzee, kwa unga huo huo na sukari hiyo hiyo, ana kisukari na presha.

Huja hapa kwa boti binti mmoja, mtaalamu wa lishe. Huwapima watoto uzito, akawazungushia mkononi utepe wenye rangi nyekundu, manjano na kijani, akaandika katika daftari, akazungumza na akina mama kwa upole, kisha akarudi kabla maji hayajatoka. Aliniambia, naye huniita ami, kwamba yeye hachoki kupima. Linalomchosha ni kwamba nambari anazoziandika hupanda ngazi katika ripoti, lakini bajeti ikizungumzwa, yeye na wenziwe hawamo. Nikamsimulia habari za Boyd Orr. Akaniuliza kwa nini chuoni kwao walimfundisha vitamini zote wasimfundishe mtu huyu. Ndipo nikaona niandike.

Kwani mlango wa kubisha upo, tena si wa mbali. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 iliyowatambua wataalamu wa lishe na kuwaundia taasisi yao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Tangu 2012 wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano wametakiwa kwa sheria watie ndani yake vitamini na madini, na hilo halikuja lenyewe, bali wataalamu walilidai. Na wenye umri wetu tunayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa skulini mwaka 1979, mpaka yalipokatika katika miaka ya 1990. Gilasi zile zilitoka katika ukoo wa majaribio ya Uskoti.

Tena tangu 2013 afya na skuli za chekechea zimekuwa mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba kikombe cha uji wenye maziwa au unga wa dagaa kwa mtoto wa chekechea wa Kipungani hakiamuliwi London wala Nairobi. Kinaamuliwa Amu, na katika bajeti ambayo sheria inataka wananchi waulizwe kabla haijapitishwa. Mkutano wa kuulizwa ukiitishwa, huenda wachache, na aghalabu huzungumzwa barabara na gati. Barabara na gati ni za haki. Lakini ni nani atakayesimama na daftari la yule binti, akasoma nambari za mikono ya watoto wetu?

Kwa binti mwenyewe si rahisi, kwani ni mwajiriwa, na mwajiriwa huogopa kusema mbele ya mkubwa wake. Boyd Orr pia aliona wenziwe wakiogopa. Ndiyo maana haifai kumwachia yeye peke yake. Imamu ana mimbari yake kila Ijumaa, mwalimu wa chuo ana wazazi, kina mama wa mikeka wana chama chao, wavuvi wana chao, na mwandishi ana ukurasa. Mtaalamu atupe hesabu, nasi tumpe sauti.

Mskoti yule alianza na darasa la watoto wenye njaa, akalikimbia kwa kuwa hakuwa na la kuwafanyia, kisha akaishi miaka mingi akitafuta la kuwafanyia mpaka akalipata. Alikuta kwamba nusu ya dawa imo katika maabara, na nusu ya pili imo mlangoni kwa mwenye kutia sahihi. Mlango wetu uko safari ya boti kutoka hapa. Mkutano wa bajeti utakapoitishwa, ndugu zangu wa Kipungani, Matondoni, Shela na visiwa vyote, msiwaachie wenye gati peke yao. Wabillahi tawfiq.